Jumatatu ya Mama Jamna

Kila asubuhi Emiliana aliamshwa na kikohozi cha bibi yake. Bibi Stumai ndiye aliyetangulia kuamka katika nyumba ile. Alipiga magoti mbele ya mafiga, akapuliza kuni mpaka zikashika moto, na moshi wote ukamwishia machoni. Kwa miaka mingi ya kupuliza, macho yake yalikuwa mekundu asubuhi na jioni. Emiliana, msichana wa miaka kumi na miwili, alinawa uso kwa maji ya baridi, akala kiporo cha ugali wa mtama, kisha akachukua ndoo na kwenda bombani.

Njia ya bombani ilipita nyuma ya duka la zamani la Mhindi, karibu na reli iendayo Itigi. Watoto wote wa kijiji walipofika hapo waliongeza mwendo. Duka lilikuwa limefungwa tangu kabla Emiliana hajazaliwa, na mbao za madirisha yake zilikuwa zimepauka kwa jua. Ndani alibaki mtu mmoja tu, Mama Jamna, mjane wa mwenye duka. Wanawe walikwisha kuhamia mbali. Yeye alikataa kuondoka, na hakuna aliyejua kwa nini.

Mama Jamna alivaa nguo nyeupe tupu, ndefu, aliyoizungusha mwilini na kujifunika kichwani. Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya reli, alitoka na bakuli la unga. Aliinama kwenye kila tundu la sisimizi, akadondosha unga kidogo, akasogea mbele bila kutoa sauti. Alipokwisha kupita, njia ilibaki na madoa meupe ambayo hakuna mtu aliyethubutu kuyakanyaga. Jua likizama aliwasha kijitaa cha udongo mlangoni, na kutoka ndani ya nyumba ile tupu ikasikika sauti ya kitu kinachozunguka: krrr, krrr, krrr.

Lakini Jumatatu ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Siku nyingine ukimwamkia Mama Jamna aliitika, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti nyembamba. Jumatatu hakuitika. Alikutazama tu, akaunganisha viganja vyake viwili kifuani, akaenda zake. Katika kijiji ambacho mtoto asiyeamkia wakubwa alizabwa kofi na yeyote aliye karibu, mtu mzima asiyeitika shikamoo alikuwa jambo la kutisha kuliko chui.

"Ukimwamkia Jumatatu asiitike, ujue amelichukua jina lako," alisema Fatu, rafiki yake Emiliana, ambaye hakuwahi kukosa habari.

"Amelipeleka wapi?"

"Mimi nitajuaje? Kawaulize sisimizi wake."

Emiliana alicheka, lakini usiku ule alijifunika shuka mpaka kichwani.

Ulikuwa mwaka ambao biashara ya watu binafsi ilikuwa imekuwa ruksa. Duka la ushirika, ambalo siku zake njema liliuza chumvi na viberiti, lilikuwa limekufa. Sasa treni ilileta wachuuzi wenye sabuni za kunukia, redio na nguo za mitumba. Shule zilikuwa zimefungwa, na baba yake Emiliana, Melkiori, alikuwa amempa kazi ya kuchunga mbuzi.

"Wakinenepa nitawapeleka Itigi," alisema. "Gauni lako litatoka humo humo. Ila sikiliza vizuri. Mtama umeshavunwa, na mashina yameanza kuchipua. Yale machipukizi ni sumu kwa mbuzi. Usiwakaribishe hata kidogo."

"Ndiyo, baba."

Jumatatu moja, mchana, Fatu alikuja akikimbia hadi malishoni. Mchuuzi mmoja alikuwa ameshuka na robota zima la mitumba na alikuwa anakaribia kulifungua stesheni. Emiliana aliwatazama mbuzi. Walikuwa wanakula majani makavu kwa utulivu. Akajiambia kwamba angekwenda kuchungulia tu, kisha arudi.

Robota likafunguliwa. Zilitoka blauzi, zikatoka sketi, likatoka gauni la rangi ya samawati lenye mfuko kifuani. Emiliana alilishika, akalipima, akalirudisha, akalishika tena. Alipokumbuka mbuzi, kivuli chake kilikuwa kimekwisha kurefuka.

Aliwakuta katikati ya shamba la mtama lililotazamana na duka la zamani, vichwa vyao vimezama kwenye machipukizi ya kijani. Aliwaswaga kwa mawe na kelele mpaka wakatokea njiani. Walipofika nyuma ya duka la zamani, beberu akasimama ghafla. Akatweta, akaanguka ubavu, miguu ikapigapiga hewa. Majike wawili wakamfuata. Povu likawatoka mdomoni, kisha wakatulia kabisa. Waliobaki walisimama pembeni wakilia.

Emiliana alipoinua uso, Mama Jamna alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma.

Alikuwa hapo tangu lini? Mama Jamna alikuja taratibu, nguo yake nyeupe ikigusa vumbi. Akapiga magoti, akaweka mkono juu ya kichwa cha beberu, machozi yakamtoka. Kisha akamtazama Emiliana kwa muda mrefu.

"Shikamoo, Mama," Emiliana alisema.

Mama Jamna hakuitika. Aliunganisha viganja vyake, akarudi ndani.

Nyumbani, Melkiori aliuliza mara moja tu, "Imekuwaje?"

Emiliana alifumbua mdomo na maneno yakatoka yenyewe. "Tulikuwa tunapita nyuma ya duka la Mhindi. Mama Jamna akatoka, akawatazama. Akamgusa beberu. Nikamwamkia, hakuitika. Na mbuzi wamekufa pale pale."

Kila neno katika hayo, ukilichukua peke yake, lilikuwa na ukweli ndani yake. Uongo ulikuwa katika lile aliloliacha. Jirani waliokuwa uani walisikia yote. Habari ikazunguka kijiji kwa kasi ya moto wa kiangazi. Mmoja akakumbuka ndama wake aliyekufa mwaka juzi. Mwingine akakumbuka mimba ya mke wake iliyoharibika. Wote wakakumbuka unga njiani. Jua lilipoanza kuwa jekundu, wanaume walikuwa wamekusanyika na fimbo na mawe, na kijana mmoja aitwaye Petro akiwa mbele.

"Leo anahama," alisema Petro. "Asipohama tunachoma nyumba."

Melkiori naye alichukua fimbo yake. Emiliana aliona. Alitaka kusema ukweli, lakini aliogopa kuchapwa. Bibi Stumai aliinuka jikoni, akajifunga kanga, akaelekea mlangoni.

"Bibi, unakwenda wapi?"

"Kukaa."

"Kukaa wapi?"

Bibi alikuwa amekwisha kutoka. Alikwenda kwa miguu yake iliyopinda, na Emiliana akamfuata kwa mbali.

Watu walipofika kwenye duka la zamani walitarajia mlango uliofungwa. Walikuwa wamejiandaa kuuvunja. Lakini mlango ulikuwa wazi kabisa. Kijitaa kilikuwa kinawaka kizingitini bila kutikisika, ingawa upepo ulikuwa unavuma. Mama Jamna alikuwa ameketi chini barazani, mbele yake gurudumu dogo la mbao. Mkono wa kulia ulizungusha gurudumu na wa kushoto ulivuta uzi kutoka kwenye pamba. Krrr, krrr, krrr. Hakuinuka wala hakuacha.

"Toka!" Petro alipiga kelele. "Sema kitu, mchawi wewe!"

Krrr, krrr.

Mawe yalikuwa mikononi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kurusha. Ni rahisi kumpiga mtu anayekimbia au anayetukana. Huyu alikuwa anasokota uzi tu. Watu wa nyuma wakaanza kurudi hatua moja moja. 

Ndipo Bibi Stumai alipopita katikati yao. Alipanda barazani, akaketi karibu na Mama Jamna, akanyoosha miguu.

"Bibi, ondoka hapo," alisema Petro. "Hili halikuhusu."

"Nimechoka, nimekaa. Kwani kukaa ni kosa?"

"Ondoka, nimesema!"

"Basi utanipita mimi kwanza."

Petro alimsogelea, akainama, akamtazama usoni. Mwanga wa kijitaa ulimpiga Bibi Stumai machoni, na macho yake yakang'aa mekundu. Petro akaruka nyuma.

"Hebu tazameni macho yake, mekundu kama ya mchawi!" alisema. "Kumbe wako wawili!"

Mnong'ono ukapita katika kundi. Emiliana alimwona baba yake amesimama na fimbo mkononi, hasogei. Watu walikuwa wanamtazama bibi yake kwa macho yale yale waliyomtazamia Mama Jamna. Macho ya bibi yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi wa kumpikia yeye uji na ugali. Hofu ilimkamata Emiliana kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Alikimbia, akapenya katikati ya miguu ya watu, akapanda barazani na kuketi katikati ya wazee wale wawili.

"Ni mimi!" alilia. "Niliwaacha mbuzi nikaenda kuangalia mitumba. Wamekula machipukizi ya mtama. Mama Jamna hakuwafanya kitu. Ni mimi, baba!"

Gurudumu likasimama.

 Melkiori aligeuka, akaenda shambani kwa haraka, kabla mwanga haujaisha. Watu walimngoja pale pale. Aliporudi alikuwa ameshika konzi ya mashina ya mtama, machipukizi yake yamekatwa kwa meno, na viatu vyake vimeshika mavi mabichi ya mbuzi.

"Mwanangu amesema kweli," alisema. Kisha akaitupa fimbo yake chini.

Watu waliondoka mmoja mmoja bila kuagana. Petro alibaki na jiwe lake mkononi, hajui alipeleke wapi. Mwisho aliinama, akaliweka chini polepole ili lisitoe mlio.

Kesho yake asubuhi Melkiori alimshika binti yake mkono wakaenda kuomba radhi. Ilikuwa Jumanne. Emiliana aliamkia akiwa ameinamisha kichwa.

"Marahaba, mwanangu," Mama Jamna aliitika. "Karibuni. Kaeni."

Melkiori alizungumza kwa shida. Alisema alikuwa amekuja na fimbo, na kwamba aibu ile ilikuwa imemnyima usingizi. Mama Jamna alimsikiliza, akawamiminia chai yenye tangawizi.

"Jumatatu sisemi," alieleza. "Nimejiwekea nadhiri. Gandhi wa kwetu naye Jumatatu alikuwa hasemi. Siku moja katika juma nausikiliza moyo wangu kama una uongo. Na sisimizi nawapa unga kwa sababu nao wana roho. Kwetu tunaita ahimsa, kutomdhuru kiumbe chochote. Kumbe ninyi mlikuwa mnaogopa unga!" Alicheka kidogo, kisha uso wake ukawa mzito.

"Mama," Emiliana aliuliza, "jana uliniona nikiwatoa mbuzi shambani?"

"Nilikuona."

"Basi kwa nini hukuvunja nadhiri ukasema? Wangekuua."

Mama Jamna aliugusa uzi uliokuwa kwenye gurudumu. "Nilipokuwa mdogo kama wewe, kijijini kwetu, serikali ya Waingereza ilituma askari wenye virungu. Mama yangu na wenzake waliketi barabarani. Hawakukimbia, hawakupiga. Walisema, sisi tunashika ukweli, tutaona virungu vitachoka lini. Wengine waliumia sana. Lakini virungu vilichoka." Alimtazama Emiliana. "Jana ningesema, nani angemwamini mchawi? Ukweli haukuwa kinywani mwangu, mwanangu. Ulikuwa kinywani mwako. Mimi nilikaa kuungoja."

"Na kama nisingekuja?"

 Nje, treni ya mizigo ilipita na vikombe vikatetemeka juu ya meza.

"Wangenichoma," alisema Mama Jamna. "Na bibi yako pia, maana yeye hakuwa na mpango wa kuondoka."

Walirudi nyumbani hadi kwenye mafiga, ambapo Bibi Stumai alikuwa anapuliza kuni. Melkiori alisimama akimtazama mama yake kwa muda, kisha akachuchumaa karibu na Emiliana.

"Gauni hakuna," alisema. "Hilo limekufa pamoja na mbuzi. Utachunga waliobaki mpaka shule ifunguliwe, na kila jioni utampelekea Mama Jamna ndoo ya maji. Mbuzi nitafuga wengine. Lakini kumbuka hili maisha yako yote. Hukumtaja bibi yako hata mara moja, na bado uongo wako ulifika kwake kabla jua halijazama. Ukikosea, njoo useme siku hiyo hiyo, hata kama unajua nitakuchapa. Na mimi nimejifunza kuuliza kabla ya kushika fimbo."

"Nimesikia, baba," alisema Emiliana. Alichukua kuni mkononi mwa bibi yake, akapiga magoti, akapuliza mwenyewe.

Jumatatu iliyofuata ukungu ulikuwa mzito hata reli haikuonekana. Emiliana alikuwa anakwenda bombani na Fatu pale umbo jeupe lilipojitokeza njiani, limeinama. Fatu aliitupa ndoo yake na kukimbia. Emiliana naye alitaka kukimbia, lakini alisimama.

"Shikamoo, Mama."

Hakuna aliyeitika. Mama Jamna aliunganisha viganja vyake, kisha akamnyooshea bakuli. Emiliana alichota unga kidogo kwa vidole, akauweka kwenye tundu la sisimizi, na wote wawili wakangoja kimya mpaka sisimizi wa kwanza akatoka.