Mkubwa Ananywa Kwanza

Injini ilikohoa, ikazima, na upepo wa kusini ukawakuta hapohapo, mbele ya mji wa pwani wa Isipingo. Wimbi la kwanza lilizoa redio na kapu la chakula. La pili lilimbamiza Hardy kwenye ukingo wa boti, akapasuka paji la uso. Dada yake mkubwa, Constance, ambaye yeye humwita yaya, akamfunga kwa kitenge chake.

"Maji iko wapi?"

Hardy akainamisha kichwa. "Sikubeba, yaya."

Jamani! Lakini hawa walizaliwa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika. Kwao mtu akishikwa na kiu chomboni anainama, anachota, basi. Nani kule anabeba maji kwenda majini? Ilikuwepo chupa moja tu, aliyokuja nayo Jacques ya kumezea dawa zake.

Huyu Jacques, mwenye boti, ndiye mzee wa Kifaransa ambaye Constance alimtunza huko mjini, mtaa wa Glenwood. Ujanani alikuwa mtawala wa kikoloni, bwana shauri hasa, kwanza Jibuti, kisha Ngazija mpaka bendera yao iliposhushwa. Kazi ile ilimfunza kupokea. Kuku, mayai, madafu, kiti cha kivulini, vyote vililetwa kabla hajaomba, naye hakuwahi kuuliza nani amekosa. Alipenda kuitwa Commandant, nao wakamwita hivyo.

"Anza na Papa Commandant, ni yeye mkubwa," alisema Hardy, damu ikimchuruzika. Ndivyo walivyolelewa. Jacques akanywa mafunda makubwa, bila haya.

Mkondo wa bahari pale hauna mchezo. Uliwakokota kusini mpaka nchi kavu ikapotea. Upepo ulipotulia, jua likashika zamu, midomo ikapasuka. Kila mara chupa ilipofunguliwa ilianza kwa mzee, na kila ilipomfikia Hardy alisema hana kiu. Muongo mkubwa!

"Mimi ndiye nilisahau, yaya. Usinilazimishe."

"Commandant, bakisha kidogo," Constance aliomba.

"Ndiyo, ndiyo," alijibu mzee, akaimaliza.

Kesho yake Hardy aliinama ukingoni akachota bahari kwa viganja, kama yuko kwao. Constance alimvuta, akamzaba kofi, akaangua kilio. Hardy alikuwa amekwisha kumeza. Akachota tena, na tena, hata akaanza kuzungumza na mama yao aliyekufa zamani. Hapo Constance akakata tamaa kabisa. Hakuomba tena waokolewe. Aliomba tu asife wa mwisho.

Meli ya mizigo iliwaona jua likiwa utosini. Baharia akateremka kwa ngazi ya kamba, akawarushia chupa ya maji. Jacques akanyoosha mkono.

Constance aliupita ule mkono. Akamwinua Hardy, akamtilia maji mdomoni. Hakumeza; yakamwagika shingoni.

"Kunywa, Hardy. Leo wewe wa kwanza. Kunywa, mdogo wangu."

Mkono wa mzee ulikuwa bado umenyooshwa. Constance akaendelea kumimina mpaka chupa ikaisha.