Kitabu cha Yasmini Kilichogawiwa Mnadani

Nilisikia mnadani Katesh kwamba Yasmini kaibiwa na mchumba wake. Nikadhani ni simu, au pikipiki. Nilirudi nyumbani lakini maneno yale hayakunitoka, kwa sababu huyo mchumba ni Hatibu, mwanangu wa kumzaa.

Walikutana stendi, kwenye steshenari ya Hatibu, siku ya mabasi mengi na vumbi. Yasmini alikuja na hijabu ya kijani na koti zito la baridi ya huku kwetu, akataka achapiwe hadithi aliyoiandika kwenye simu kwa miaka miwili.

"Dada, kurasa zote hizi unamshtaki nani?"

"Wewe, ukinichelewesha."

Alimchelewesha makusudi mpaka basi la Dongobesh likamwacha. Baada ya hapo ni simu kila siku, na mwezi wa nne tukapeleka posa.

Sasa, Hatibu siku za mnada huwaingizia watu nyimbo kwenye memori kadi. Kitabu kilikuwa kimebaki kwenye kompyuta yake. Akawa anakiweka kwenye kila kadi, bure, akijisifu kwamba kimeandikwa na mchumba wake. Hakumwomba Yasmini ruhusa. Aliona ndiyo kumpenda.

Kabla mwezi haujaisha, mchapishaji wa Arusha aliyekuwa amekubali kukitoa alimpigia Yasmini akamwambia basi, kimeshazagaa kwenye magrupu ya WhatsApp. Yasmini akampigia Hatibu.

"Nani alikuruhusu?"

"Mpenzi, nilitaka watu wakujue."

"Wanijue kwa lipi? Jina langu limetolewa, wameweka la mwanaume nisiyemjua."

"Nitakifuta."

"Kwenye simu ya nani, Hatibu?"

Alikwenda Gitting, akaenda Mogitu, anawaomba watu wafute. Wanaitikia, wanacheka. Mama mmoja wa Mogitu, Natalia, alimwambia ameshakisoma mara tatu, na kwamba yule kaka aliyekiandika anawajua wanawake kweli. Mwanangu alirudi hali chakula.

Juzi alikwenda kwao Yasmini. Akamwamkia baba yake shikamoo, akasema kama wanataka kurudisha posa hatabisha. Yasmini akatoka jikoni, mikono ina unga.

"Hairudishwi. Nakupenda, ndiyo tabu yenyewe. Ningekuchukia ningeshaondoka."

Hatibu akamuuliza kama ataandika kingine.

"Niandike huku nawaza utakigawa lini? Hapana."

Ndoa ipo, mwezi ujao. Watakaa chumba kimoja, yeye na aliyemfanya aache kuandika.

Wazazi wenzangu, waambieni watoto wenu:

Usibaki na kazi ya mtu kwenye kompyuta ukishamchapia.

Usitume kitabu kwa kuwa na wewe umetumiwa.

Usiondoe jina la aliyeandika.

Usigawe cha mchumba wako kwa kusema ninyi ni kitu kimoja.

Na kama ulikisoma cha Yasmini, usimwambie harusini kwamba kilikuwa kizuri.