Aliyekaa Juu ya Mashine

"Usipande, utauumiza mguu," fundi alisema. Hakuinua macho.

"Sijaja kupanda. Nimekuja kukurudishia kitu chako."

Mwanamke aliyesimama mlangoni mwa gereji ya ofisi ya mifugo alikuwa ameegemea fimbo. Pale kazini walimwita Daktari, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akipanda milimani kuchanja ng'ombe wa watu kwa ile pikipiki ya magurudumu manne. Fundi walimwita Futi, maana futi ya kupimia haikutoka mfukoni mwake hata siku akivaa suti. Wawili hao walikuwa wachumba, na tarehe ya harusi ilikwishapangwa. Kisha mashine ikambwaga Daktari kwenye mteremko, paja likavunjika. Wiki ya tatu, yuko kitandani hospitali, ukaingia ujumbe wa Futi kwenye simu yake:

"Tuache habari za ndoa. Utapata aliye bora kuliko mimi. Tafadhali usinitafute."

Miezi minne ilipita. Leo aliweka bahasha yenye pete juu ya meza ya spana.

"Hiyo hapo. Niambie jambo moja tu, niende zangu. Ni mguu?"

"Mguu gani?"

"Usinifanye mtoto, Futi. Umeniacha kwa sababu nachechemea?"

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena ilhali ilikuwa imeshakuwa safi.

"Si mguu."

"Basi ni mwanamke."

"Hakuna mwanamke."

"Sasa ni nini? Ijumaa naketishwa mbele ya msimamizi. Watanitoa milimani wanipe kiti cha ofisini, nigonge mihuri mpaka nizeeke. Kazi inakwenda, na wewe umekwenda. Angalau kimoja nijue kimeondoka kwa nini."

"Umewaandikia nini?"

"Kwamba nilikimbiza mashine."

"Ulikimbiza?"

"Sikumbuki kukimbiza. Nakumbuka nyuma ikirukaruka kama mbuzi, halafu nikaona mbingu. Lakini mashine ulikuwa umeipima wewe. Kama si mashine, ni mimi. Ningemwandika nani mwingine?"

Futi aliketi juu ya tairi kuukuu, taratibu.

Daftari la vipimo lilikuwa pale pale mezani. Daktari alilijua vizuri. Kila mashine ikitoka matengenezoni, nyuma huinuliwa kwa jeki mpaka magurudumu yaning'inie, na Futi hupima kutoka ekseli hadi alama ya chaki kwenye madigadi. Ikishushwa, mwenye kuiendesha hupanda na buti zake na mzigo wake wote, naye Futi hupima tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo huonyesha springi zimeshuka kiasi gani. Hii ilitakiwa kushuka sentimita nane. Ikishuka kidogo mno, springi ni ngumu kwa huyo aliyekaa, na kwenye mawe nyuma huruka badala ya kukanyaga.

Mapenzi yao yalianzia hapo hapo. Yeye juu amekaa kama malkia, Futi amepiga magoti nyuma akimwambia, "Usicheke, Daktari, futi inatikisika."

Daktari alifungua ukurasa wa mashine yake. "Daktari juu, sanduku la chanjo nyuma. Imeshuka nane." Akaitazama tarehe. Akaitazama tena.

"Futi."

"Naam."

"Tarehe kumi na mbili nilikuwa kwa dada, amejifungua. Nilirudi kumi na tatu asubuhi, nikapanda mashine moja kwa moja."

Daktari aliielekeza fimbo kwenye kiti cha mashine.

"Nani alikaa hapa juu?"

"Mimi."

"Sema vizuri nikusikie."

"Nilikaa mimi. Mlinzi wa getini akanisomea futi. Nilijua utafika umechoka, nikataka ukute kila kitu tayari, usisimame kunisubiri. Nikajiambia mara moja tu, haidhuru."

"Una kilo ngapi wewe?"

"Tisini na moja."

"Na mimi?"

"Hamsini na nne."

"Unazijua."

"Kila kilo yako naijua."

Maneno hayo siku nyingine yangemchekesha. Daktari alishika ukingo wa meza.

"Kwa hiyo ulinikazia springi za mtu mzima na nusu, halafu ukaandika jina langu."

"Ndiyo."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Nilipoletewa mashine nikafungua daftari, nikaona mwandiko wangu. Nilikuja hospitali, Daktari. Nikafika mpaka mlango wa wodi. Nikaona mguu umening'inizwa, nikarudi."

"Ukanitumia meseji."

"Niliona sistahili kukuoa."

"Hayo ya kustahili tuyaache kwanza." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Miezi minne nalala najiuliza, hivi niliminya mafuta? Mkono wangu mwenyewe nimeuchukia. Kuniangusha ulikosea, naelewa, hata mimi nimewahi kumdunga ng'ombe asiyehusika. Lakini ulinyamaza ukaniacha niibebe aibu peke yangu. Huko ndiko umeniacha, si kwenye meseji."

Futi aliinamisha kichwa. Machozi yalidondokea buti zake, hakuyafuta.

"Inuka," Daktari akasema. "Lete jeki."

"Ya nini?"

"Tupime. Springi umezigusa tangu siku ile?"

"Sijathubutu. Usukani tu ndio nilionyoosha."

"Vizuri. Lete na sanduku."

Walipima. Magurudumu yakining'inia, sentimita sitini na mbili. Kisha Futi akamsaidia kupanda, akimshika kiwiko kwa vidole viwili kama anayeogopa kuungua. Akapiga magoti nyuma. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Hamsini na nane," alisema.

"Imeshuka ngapi?"

"Nne."

"Andika. Na pale juu, andika nani alikaa kweli."

Akaandika yote mawili. Hakungoja kuambiwa la pili. Alichukua daftari, akavuka ua, akagonga mlango wa msimamizi. Daktari akamfuata polepole na fimbo yake.

"Hii ni nini?" msimamizi aliuliza.

"Kosa langu, mzee. Mama huyu hakukimbiza chochote. Mashine ilimrusha kwa sababu nilipima uzito wangu nikaandika wake."

Msimamizi alisoma ukurasa ule mara mbili, akavua miwani.

"Unajua nikiipokea karatasi hii, unaweza kupoteza kazi?"

"Najua."

"Na kwa nini leo, si miezi minne iliyopita?"

"Nilikuwa mwoga, mzee. Sina jibu jingine."

Ijumaa, Daktari alisafishwa jina, akaambiwa mguu ukipona milima ni yake. Futi hakufukuzwa, ila alizuiwa kutia sahihi kwenye mashine yoyote kwa mwaka mzima. Bahasha ya pete ilibaki mezani gereji. Hakuna aliyeigusa.

Wiki sita baadaye Futi alipigiwa simu. Alikuwa bibi yake Daktari.

"Mume wangu, umehama mji?"

"Nipo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mke mwenzangu hapa kaanza kutembea bila fimbo. Kila mgeni akibisha hodi anageuza shingo, halafu anasema shingo inamuuma. Mimi nimechoka kuikanda."

"Amekutuma, bibi?"

"Hajanituma. Amekaa hapa ananifinya ninyamaze."

Simu ikahama mkono. Ikaja sauti aliyoizoea:

"Springi umezilegeza?"

"Nimezilegeza. Nakusubiri wewe tu kupima. Hajakaa mtu mwingine."

"Ile meseji yako bado ninayo. Uje Jumamosi uifute kwa mkono wako. Na Futi..."

"Naam."

"Ukinificha tena jambo, hata dogo, usijisumbue kutuma meseji. Nitaondoka mwenyewe."

"Nimesikia."

Jumamosi alikuja na bahasha. Aliifuta ile meseji wote wakitazama. Bibi alikuwa ametandaza mkekani kitambaa cheupe cha gauni la harusi, mkasi mkononi, akiguna kwamba macho hayamsaidii kukadiria. Futi, kwa mazoea, akachomoa futi mfukoni.

"Niambie tu unataka kipimo gani, bibi. Kila kipimo chake nakijua kichwani."

Bibi alimnyang'anya ile futi, akamgeukia mjukuu wake.

"Njoo usimame hapa wewe mwenyewe," alisema. "Huyu bado hajajifunza."

Daktari alicheka mpaka futi ikatikisika.