Risasi za Hobart Ratliff

Jumamosi ile Verlin Stiltner aliamka na furaha yake. Binti yake wa pekee, Garnet, alikuwa amerudi kutoka Ohio baada ya miaka ya kununiana, na usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amesema, huku akijifanya anaangalia kikombe chake cha kahawa, kwamba msimu wa kulungu ukifunguliwa angependa wapande mlimani pamoja. Mzee wa watu akamwongezea kahawa. Kulipokucha akaingia bandani nyuma ya nyumba, akawasha jiko la kuyeyushia, akaanza kumtengenezea risasi za bunduki.

Watu wa milima ile ya Kentucky ndivyo walivyo. Mwingine angemnunulia binti yake koti. Wao humtengenezea risasi kwa mkono. Tatizo lilikuwa madini yenyewe ya risasi. Zamani uliyaokota kwenye gereji yoyote, vile vipande vizito vya kusawazishia magurudumu, lakini siku hizi vingi ni chuma kitupu. Ndipo Verlin alipolikumbuka gogo kubwa lililoanguka kwenye kijito cha Lick Fork, mti ambao babu zao waliupiga risasi miaka nenda miaka rudi kwenye mashindano ya shabaha. Akaenda na shoka, akaupasua, akarudi na ndoo imejaa risasi zilizonasa humo. Na cha bure, bwana, hakiulizwi kilikotoka.

Alikuwa anatia kipande cha mshumaa kwenye chungu ili uchafu upande juu, ndipo jirani yake Oma Ratliff, bibi wa miaka themanini na ushee, akaingia na mkate wa mahindi. Bibi akaviona vibanzi vya mti vikielea.

"We Verlin. Hiyo umeitoa wapi?"

"Lick Fork, shangazi. Kwenye lile gogo."

Oma akauweka mkate chini taratibu.

"Hizo ni za Hobart."

Verlin aliijua habari hiyo, na nani asiyeijua kule? Kwenye mashindano yale walikuwa wakishindania ng'ombe. Washindi waligawana nyama na ngozi, na wa mwisho wao alipewa risasi zote zilizobaki ndani ya mti, azichimbe mwenyewe. Mara ya mwisho aliyezishinda alikuwa Hobart, kaka yake Oma. Akaufuata mti na shoka lake huku wenzake wakimtania kwamba leo kwake watakula mchuzi wa risasi. Hakupiga hata pigo la pili. Bunduki ya mtu mmoja ilikuwa bado ina risasi, ikafyatuka. Hobart akafa ameshika mpini, na tangu siku hiyo hakuna aliyeugusa mti ule.

"Alizishinda," Oma alinong'ona. "Ni zake."

"Shangazi, risasi ikishayeyuka haina mwenyewe."

"Nani kakwambia? Yeye?"

Verlin akacheka, akaendelea na kazi. Risasi zilitoka kwenye kalibu safi, zinang'aa. Akazipanga ndani ya oveni kuukuu, akazioka, kisha akazimwaga zote kwa mkupuo kwenye ndoo ya maji baridi. Zikatoa mlio mkali. Hivyo ndivyo risasi laini inavyogeuzwa ngumu. Ikikaa siku chache, hata ukucha hauachi alama juu yake. Garnet alikuwa amesimama mlangoni.

"Baba, utadhani za dukani."

"Za dukani zina nini? Hizi zina baba."

Garnet akacheka, na kicheko hicho Verlin alikuwa hajakisikia tangu mkewe afariki. Akapachika chache kwenye maganda yake, akampa kwenye kiboksi.

Jumapili, aliporudi kutoka kanisani, akazigusa zile zilizobaki. Zilikuwa na joto. Banda lilikuwa baridi, maji ya ndoo yameganda juu, na risasi zina joto kama mayai chini ya kuku.

Jumatatu akakuta kila moja ina alama ya ukucha. Ukucha wa dole gumba pana, uliopasuka katikati. Akabonyeza wa kwake kwa nguvu zote, akaumia. Haukuacha hata mkwaruzo.

"Garnet, umezishika risasi zangu?"

"Nizishike za nini, baba?"

Ndipo wakasikia shoka. Mchana kweupe, upande wa Lick Fork. Pigo moja. Kimya. Pigo jingine.

"Kuna mtu anakata kuni," Garnet alisema.

Kesho yake lilisikika karibu zaidi. Ijumaa lilikuwa nyuma ya banda. Verlin alitoka mbio. Hapakuwa na mtu, wala jani lililokanyagwa.

Aliogopa. Akaamua kwamba alfajiri ya kesho, kabla ya kuwinda, atazirudisha zote kwenye gogo. Lakini hakumwambia Garnet. Aliona aibu, alihofu atamcheka, afunge virago arudi Ohio. Kunyamaza kwake huko ndiko kulikomponza.

Siku ya kufungua msimu alikuta kitanda cha Garnet kitupu. Kahawa ilikuwa bado inafuka moshi. Alikuwa ametangulia ili baba yake alale kidogo. Kiboksi hakikuwepo.

Verlin alikimbia. Ukungu ulikuwa mzito. Shoka lilikuwa linapiga mbele yake. Pigo. Pigo. Likanyamaza.

Bunduki ikalia.

"Garnet!"

Alimkuta ameketi chini, mzima, mikono mitupu.

"Nilimpiga kulungu, baba," alinong'ona. "Nikaona ni mtu."

"Mtu gani?"

"Hakuanguka. Aliichokoa kifuani kwa kidole, akaitia mfukoni. Akaninyooshea kiganja. Nikampa kiboksi kizima."

"Akaenda?"

"Akahesabu. Akasema bado moja. Nikamwambia sina." Garnet akagusa chini ya mtulinga wake wa kushoto. "Akaniwekea kidole hapa. Akasema, ipo."

Verlin alirudisha ndoo nzima kwenye gogo siku hiyohiyo, na hadi jioni ile shoka halikusikika tena. Alilia kwa kushukuru. Wiki hiyo Garnet akaanza kulalamika kwamba kifua upande mmoja ni kizito. Hospitalini wakampiga picha. Daktari akaitazama, akamtazama Verlin.

"Binti yako alipigwa risasi lini?"

"Hajawahi kupigwa."

Ngozi haikuwa na kovu. Kwenye picha risasi ilionekana wazi, chini ya mtulinga, nzima. Daktari alishauri iachwe. Iko karibu mno na mshipa mkubwa, na watu huishi na vitu vya namna hiyo hadi uzeeni. Verlin hakuridhika. Alikwenda Lick Fork, akapiga magoti kwenye matope, akamsihi Hobart amchukue yeye. Hakujibiwa. Oma alimsikiliza akieleza, akalia tu.

Asubuhi moja Garnet alishuka ngazi akiwa ameshika ukosi wa gauni lake la kulalia. Chini ya mtulinga palikuwa na mstari mmoja mwekundu, mwembamba, ulionyooka. Haukuwa na damu. Ilikuwa alama anayoiweka mtema kuni akipima kwa makali ya shoka, kabla hajaliinua.

"Baba," alisema, "jana nililala nimefunga mlango."