Kaburi la Upande wa Kulia

Jumatatu asubuhi, katika ofisi moja mjini Nyamira, Sheila alifungua kabati akakuta ramani moja badala ya mbili. Iliyopotea ilikuwa na nusu ya juu ya Keumbu ya zamani, aliyokuwa akiijenga upya kwenye kompyuta, boma kwa boma. Kufuli lilikuwa zima, na ufunguo alikuwa nao yeye.

“Isipoonekana leo, jina lako linaenda polisi,” alisema Duncan, mkubwa wake.

Sheila akamwita nyanya yake, Mong'ina, mzaliwa wa Keumbu, ambaye yeye humwita Magokoro, yaani bibi.

“Ijumaa nani aliingia hapa?” aliuliza Mong'ina.

“Duncan. Na Mzee Cleophas, mwenye ramani. Alishangaa kuona hata makaburi naweka. Nikaenda kumletea chai.”

“Na ufunguo?”

“Niliuacha kwenye kufuli, Magokoro. Lakini Duncan ndiye alitaka kuziuza ramani Nairobi!”

“Kitendawili.”

“Tega.”

“Mwizi kaingia shambani, kaacha mkungu mzima, kachuma ndizi moja.”

“Sijui.”

“Hana njaa huyo. Ana neno na ndizi ile. Mwite mzee. Halafu nichoree boma la Nyasani, babu yake, pale penye duka la mzee, kaburi liwe kushoto kwa nyumba.”

“Magokoro, kushoto si huzikwa wanawake, na wanaume kulia?”

“Chora, mtoto.”

Saa nane Cleophas akafika, kofia mkononi.

“Mzee, pale penye duka lako palikuwa na nini zamani?” aliuliza Mong'ina.

“Shamba la wimbi tu. Hapakuwa na boma wala kaburi. Na mtu ataibaje ramani yake mwenyewe?”

Mong'ina akaigeuza kompyuta. Mzee akaliona boma, na kaburi kushoto.

“Hapana! Babu yangu alikuwa mwanamke? Nyasani alilazwa kulia!”

“Kulia kwa nyumba gani, mzee? Si palikuwa na wimbi?”

Cleophas akakaa chini kama gunia.

“Nilimkuta nikichimba msingi wa duka. Ndugu zangu wamemtafuta miaka, nami nanyamaza. Kila nikipima sukari najua nimemkanyaga. Ramani iko chini ya godoro. Kuichoma nilishindwa.”

Duncan akashika simu.

“Iweke chini,” alisema Mong'ina. “Kwanza mwombe huyu mtoto msamaha.”

Duncan akaomba, kwa sauti ndogo. Sheila akaanza kulisogeza kaburi. Cleophas akavuta kiti karibu.

“Kulia zaidi, mwanangu. Hapo. Liache hapo, kesho nawaleta ndugu zangu wamwone.”