Mahakama ya Makochi

Fundi makochi alikuwa na karakana mbele ya nyumba yake. Yeye alipiga misumari. Mkewe alikata sponji. Dada yake Fundi, ambaye watoto walimwita Shangazi, alishona vitambaa vya makochi kwa cherehani. Nawaambieni ukweli, mikono ya Shangazi haikuwa na mfano. Mshono wake unaweza kuutafuta usiuone.

Karakanani kulikuwa na televisheni. Kila Alhamisi jioni majirani walikuja kutazama tamthilia. Walikaa kwenye makochi ya wateja. Waliochelewa walikalia yale yasiyo na sponji, springi zikawafinya, wala hawakujali. Tamthilia ilimhusu mwimbaji mashuhuri. Mwanamke mmoja alimshtaki kwamba alimbaka zamani, alipokuwa msichana mdogo.

Kipindi kikiisha, Fundi alipanda juu ya kiti na kugonga mbao kwa nyundo.

"Mahakama ya Makochi imeanza!" alisema. Watu wakacheka, naye akaendelea:

"Huyu mama amenyamaza miaka ishirini. Alikuwa ameng'ata ulimi? Anatafuta pesa tu. Kesi imefutwa!"

Aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa Bingwa. Bingwa alikuwa mkimbiaji aliyewahi kuleta medali. Sasa aliwafundisha wasichana kukimbia. Mtaa mzima ulimpenda.

"Hakimu, umenena!" alisema Bingwa.

Shangazi hakucheka. Kila tamthilia ilipoanza, yeye alikanyaga cherehani kwa nguvu.

"Shangazi, hatusikii!" watoto walilalamika. Hakuacha.

Alhamisi moja, majirani walipokuwa wanaondoka, binti wa Fundi aliingia mbio kutoka nje. Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

"Baba! Bingwa amenichagua! Jumamosi naenda kambini. Tena atanifundisha peke yangu, maana nawashinda wote."

Mama yake alipiga vigelegele. Cherehani ikanyamaza.

"Haendi," alisema Shangazi.

"Haendi kwa nini, wifi?"

"Haendi tu."

Fundi alikunja uso. "Dada, usimwonee mtoto wivu. Wewe mwenyewe ulifundishwa na Bingwa, ukaacha. Hata sababu hukutuambia."

"Nikikuambia leo, utapanda juu ya kiti unigongee nyundo?"

Shangazi alimtuma binti ndani, akafunga mlango. Alieleza jinsi Bingwa alivyombaka kambini, akiwa na miaka kumi na minne. Alisema aliporudi nyumbani alimwambia mama yao. Mama akamwambia, "Nyamaza, utatuaibisha."

Mimi sijaona ushujaa kama ule. Shangazi alijua kaka yake anampenda Bingwa. Alijua anaweza kuitwa mwongo. Akasema hivyo hivyo, kwa ajili ya mtoto.

Fundi alishika nyundo. "Namfuata! Leo atanitambua!"

Mkewe alisimama mlangoni, akampigia simu jirani yao. Jirani huyo alikuwa afisa wa ustawi wa jamii. Alifika upesi, na kandambili zake za nyumbani miguuni. Shangazi alimruhusu asikie habari yote.

"Weka nyundo chini, baba," alisema Afisa. "Ukienda nayo, utalala rumande wewe, na yeye atalala kwake. Tena atapata nafasi ya kuficha ushahidi na kuwatisha mashahidi."

"Basi tumwite, tuyamalize kifamilia?" aliuliza mke wa Fundi.

"Hapana, mama. Kubaka ni kosa la jinai. Halimalizwi sebuleni."

Kisha alimgeukia Shangazi. "Pole sana, dada. Nakuamini. Kosa si lako. Sasa wewe unataka nini?"

Shangazi alianza kulia. "Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo," alisema. "Nataka asimguse mtoto mwingine."

"Lakini ni miaka mingi," Fundi alisema polepole. "Polisi watampokea?"

"Atapokelewa. Watu wengi huchelewa kusema. Wanaona aibu, wanatishwa, au walisema wakazibwa mdomo. Kuchelewa kusema si kusema uongo. Polisi wana dawati la watu waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Nitamsindikiza. Yupo pia mshauri wa kuzungumza naye ili moyo upone."

"Na mtu akibakwa leo?" aliuliza mke wa Fundi.

"Aende hospitali mara moja, zisipite siku tatu. Ikiwezekana asioge kwanza, wala asifue nguo zile. Kuna dawa za kuzuia mimba na virusi vya ukimwi."

"Na sisi tufanye nini?"

"Msikilizeni. Msimwulize kwa nini hakusema. Wala msitangaze habari zake. Ni zake mwenyewe."

Fundi alipiga magoti mbele ya dada yake. "Nisamehe. Kila Alhamisi nilikuwa nakuhukumu wewe."

"Nilikusikia," alisema Shangazi. "Cherehani haina kelele za kutosha."

Kesho yake Shangazi alikwenda polisi pamoja na Afisa. Fundi alibaki na binti yake.

"Mwanangu, huendi kambini. Hujakosa lolote. Umekasirika?"

Binti alichezea kipande cha sponji. "Hapana. Bingwa alisema mazoezi yetu yawe siri. Alisema hata nikikuambia, hutaniamini. Aliniambia, 'Si unamsikia mwenyewe kwenye mahakama yake?'"

Maneno yale yalimchoma Fundi. Alikaa chini sakafuni, kwenye vumbi la sponji.

"Alisema kweli," alijibu. "Wiki iliyopita nisingekuamini. Leo nakuamini. Niambie yote."

Binti alimwambia. Bingwa alikuwa hajamgusa bado. Maneno ya mtoto nayo yalipelekwa polisi. Bingwa alisimamishwa kazi. Wanawake wengine wawili aliowafundisha zamani wakajitokeza, na kesi ikafika mahakamani.

Siku ya ushahidi Fundi alikaa benchi la nyuma. Wakili wa Bingwa alimtazama Shangazi, akatabasamu.

"Mama, kama ni kweli, kwa nini ulinyamaza miaka yote hii?"

Fundi aliinamisha kichwa. Shangazi hakuinamisha chake.

"Sikunyamaza," alijibu. "Nilisema siku ileile niliyorudi nyumbani. Hakuna aliyenisikiliza."

Hakimu aliandika maneno hayo. Mwezi uliofuata, Bingwa alihukumiwa kifungo.