Ukimya wa Nyumba ya Kona

Wa kwanza kulalamika alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kulalamika tangu azaliwe, kwa hiyo hakuna aliyemjali. Alipiga simu akasema yule mama wa kwenye matembezi ya kusikiliza simuni amemwambia akate kushoto baada ya posta, akajikuta mbele ya nyumba mbovu isiyo na mtu.

"Mimi? Kushoto?" Chiriku alicheka. "Mwambie asafishe masikio."

Chiriku ndiye aliyekuwa sauti, mumewe ndiye fundi wa kurekodi, na ofisi yao ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba, magodoro yamegongomewa ukutani kuzuia kelele. Mgeni akifika katika jiji lao kuu alipakua matembezi yao kwenye simu, akavaa hedifoni, akazunguka mwenyewe kwa miguu huku Chiriku akimwongoza: simama hapa, hii ndiyo mahakama ya kwanza, sasa vuka, angalia pikipiki. Watu waliipenda sana sauti ile. Mumewe aliipenda kabla hajampenda mwenyewe, na hakuwa anaficha.

Wiki hiyohiyo koo la Chiriku likaanza kukauka. Alikunywa tangawizi na asali hadi akachoka. Daktari akammulika, akasema koo ni zima. Sauti ikazidi kufifia. Mwanamke aliyekuwa akiongea hata usingizini sasa akawa anaomba chumvi kwa kidole. Mumewe akatania kwamba nyumba hatimaye imepata amani, kisha akaona machozi ya mkewe na akajuta kusema.

"Ikiisha kabisa," Chiriku alinong'ona, "mimi nitakuwa nani?"

Malalamiko nayo yakaongezeka, yote ya kushoto baada ya posta. Binti mmoja alisema yule mama amemwita jina lake.

Fundi akavaa hedifoni, akaenda kutembea mwenyewe, mchana kweupe. Mpaka posta kila kitu kilikuwa sawa. Hapo mkewe akasema kata kushoto, kwa sauti nono kuliko aliyowahi kumrekodi nayo, naye akakata, miguu ikitangulia na akili ikifuata nyuma, akapita duka la vioo na kinyozi, huku harufu ya vumbi lililolowa ikimpanda puani ingawa mvua haikuwa imenyesha, na chini ya maneno akisikia kitu kikivuta pumzi taratibu, kwa mwendo uleule wa pumzi zake, hadi alipofika mlango wa nyumba ya kona na sauti ikamwambia kwa upole, "Mume wangu, mbona umechelewa? Sukuma." Mkono wake ulikuwa tayari umeshika kitasa. Akazing'oa hedifoni masikioni, akakimbia.

Jirani akawapeleka kwa shangazi yake, mwanamke anayejulikana kwa kutoa majini. Yule mganga hakuuliza mengi.

"Ulichukua nini kwenye nyumba hiyo?"

"Sikuchukua kitu, mama. Nilirekodi ukimya tu."

Ikabidi aeleze. Kila mahali pana ukimya wake, na fundi huurekodi na kuutandika chini ya maneno, la sivyo msimulizi husikika kama yuko ndani ya debe. Mwezi waliorekodi matembezi, barabara zote zilikuwa zikichimbwa, hakukuwa na ukimya popote. Akaingia katika nyumba ile tupu, akaurekodi wa humo, akautandika chini ya matembezi yote.

"Ulipoingia ulipiga hodi?"

"Ningepigaje hodi, mama, na mashine inarekodi?"

Mganga alishusha pumzi. "Umeingia kwa watu kama mwizi, ukabeba kilicho chao, ukamlaza mkeo juu yake. Kifute chote. Kesho nenda ukapige hodi kama binadamu, umwombe mwenye nyumba msamaha hapo mlangoni, sauti ya mkeo itatoka. Lakini mtu asiingie."

Wakafanya hivyo. Asubuhi wakasimama watatu mbele ya mlango, fundi amemshika mkewe mkono.

"Hodi," alisema fundi.

"Karibu!" ikajibu sauti ya Chiriku kutoka ndani, changa, imejaa, kama siku walipokutana.

Chiriku akauchomoa mkono wake. Mganga alipiga kelele, fundi akadaka kitambaa cha nguo tu, naye akawa ameshaingia kuifuata sauti yake. Hawajaamua la kufanya, akatoka anatabasamu.

"Jamani, mnalia nini?" aliuliza, na sauti ilikuwa imerudi yote. Fundi alimkumbatia pale barabarani bila aibu, akalia kwa furaha. Mganga hakusogea karibu, na malipo hakutaka.

Alasiri wakaketi kurekodi matembezi upya. Chiriku akasogelea maikrofoni, akaanza kusoma, na maneno yakamtoka matamu hata fundi akasahau kazi. Kisha akatazama skrini. Mstari wa sauti ulikuwa umelala, haujatikisika hata kidogo. Akabadilisha waya, akabadilisha maikrofoni, mkewe akiendelea kusoma mbele yake, mdomo ukifunguka na kufungika, mstari ukibaki umelala vilevile. Akavaa hedifoni, akaongeza hadi mwisho.

Ulikuwepo ukimya wa nyumba ile. Na mbali ndani yake, kiganja kikigonga ubao, na sauti iliyokauka, inayokaribia kuisha.

"Hodi... Mume wangu, hodi. Nifungulie."

Aliyekuwa mbele yake akaacha kusoma.

"Unasikia nini?" akamuuliza, kwa sauti nzuri mno.